Furushi la vitambaa 20 kwa kwilti ya kwanza: vimepatana kupita kiasi

Niseme mapema: pamba iliyomo humu ni nzuri, na anayetaka kushona kwilti yake ya kwanza, yaani blanketi la vipande vya vitambaa vilivyoungwa, hatajuta akilinunua furushi hili. Ninacholalamikia ni kwamba vitambaa vyote 20 vinapatana mno. Vinapatana hadi vikishaungwa huoni tena kipi kimeanzia wapi na kipi kimeishia wapi. Sasa kama vipande havionekani, kazi yote ile ya kukata na kuunga ilikuwa ya nini? Si ungenunua kitambaa kimoja kipana ukalala zako.

Jina la kiwanda silitaji, kwa sababu mafurushi ya aina hii yanatengenezwa na wengi na tabia yao ni moja: msanifu mmoja, mkusanyo mmoja wa nakshi, rangi zilizopangwa zikae pamoja bila kugombana, kisha vitambaa vinakunjwa vizuri na kufungwa utepe. Furushi likikaa rafuni linavutia. Mimi ni mshonaji wa magauni, nimeshika vitambaa maisha yangu yote, na bado ule utepe ulinishawishi.

Ndani kuna robo yadi 20. Robo hizi hazikatwi kuwa ukanda mrefu mwembamba wa inchi 9. Inakatwa nusu yadi kwanza, halafu upana wa kitambaa unagawanywa katikati, ukapata kipande cha inchi 18 kwa 22, yaani karibu sentimita 45 kwa 55. Kwa anayeanza, umbo hili ni bora kuliko ule ukanda, maana unaweza kutoa mraba mkubwa bila kubanwa. Kila kipande kilinipa miraba 12 ya inchi 5, mitatu kwa minne, na chenji ya inchi 3 upande mmoja na inchi 2 upande wa pili.

Sasa fanya hesabu kabla hujanunua, maana duka halitakufanyia. Mraba wa inchi 5 ukishaliwa robo inchi ya mshono kila upande unabaki inchi 4 na nusu. Mistari 15 yenye miraba 12 kila mmoja inakupa kwilti ya inchi 54 kwa 67 na nusu, ya kujifunika ukiwa kwenye kochi, ukubwa ambao mtu wa mara ya kwanza anaweza kuumaliza bila kuuchukia. Hiyo ni miraba 180, sawa na vipande 15. Furushi lina vipande 20. Kwa hiyo vipande 5 ni vya ziada tangu mwanzo, na hakuna sheria inayokulazimisha utumie kitu kwa sababu tu kimo ndani ya furushi.

Kuhusu kitambaa chenyewe sina ugomvi. Pamba ya kwilti hufumwa kwa mfumo ule wa kawaida, uzi wa mshindio (unaokwenda kwa upana) ukipita juu na chini ya mtande (nyuzi za urefu) kwa zamu, nyuzi kama 60 hadi 75 kwa inchi moja. Hizi nimeziinua dirishani moja moja: mwanga unapita sawasawa, hakuna michirizi ya nyuzi zilizoachana. Nimekisugua kimojawapo kwa kidole gumba na hakikutoa unga. Kitambaa dhaifu hujazwa wanga ili kionekane kizito, ukikifua mara moja unabaki na kitu cha kuchujia maji. Nimekifinyanga ndani ya ngumi nikakiachia, kikatoka na makunyanzi, na makunyanzi ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Kitambaa kisichokunjamana hata kidogo huwa nakishuku kina poliesta.

Ili nisihukumu kwa hisia tu, nilivuta nyuzi chache kutoka ukingoni nikazichoma juu ya kisahani cha udongo. Zilishika moto upesi, zikanuka karatasi iliyoungua, zikaacha majivu laini ya kijivu yanayopotea ukiyagusa. Poliesta ingeyeyuka, ikajikunja, ikaacha kishanga kigumu. Kipimo hiki nakipenda kwa sababu hakihitaji kumwamini muuzaji. Kifanyie karibu na maji, na tumia nyuzi, usichome kipande kizima.

Pengine unajiuliza kwa nini nashikilia pamba tupu. Ni pasi. Kwilti ni pasi kuliko cherehani: unaunga miraba miwili, unapiga pasi, unaunga mistari miwili, unapiga pasi tena. Pamba inavumilia joto kali na mkunjo wake unalala pale ulipoulaza. Ukichanganya na poliesta, mmoja anataka moto mkali na mwenzake anaanza kung'aa na kusinyaa, na mshono kati yao hautanyooka hata ufanyeje. Uzito nao uwe mmoja. Pamba nyepesi ya shati ikishonwa kando ya pamba nzito inavutwa na kupata mawimbi. Shuka la kitanda la zamani wengi huliona mali ya bure, lakini mashuka mengi yamefumwa kwa msongamano mkubwa, na ukifika hatua ya kushona kwa mkono tabaka zote tatu, yaani uso, ujazo wa katikati na mgongo, sindano inagoma na kidole kinalipa. Batiki nyingi zina tabia hiyohiyo. Ni nzuri mno kwa rangi, na kwa cherehani hazina neno, ila kwa mkono utazikumbuka.

Ukataji umenikera kidogo. Vipande vitatu vilikatwa bila kufuata uzi, vikaenda upande. Ukikikunja kipande cha namna hiyo pembe kwa pembe, kinasokoteka badala ya kulala. Mtande hauvutiki karibu kabisa, mshindio unavutika kidogo, lakini ukikata mshazari kitambaa kinakuwa mpira. Mraba uliokatwa mshazari unapimwa inchi 5 asubuhi, na ukishaushika, ukaupiga pasi na kuupitisha chini ya mguu wa cherehani, unakuta umekuwa kitu kingine. Nilivinyoosha kwa kutafuta uzi mmoja wa mtande, kuuvuta mpaka uache mstari mwembamba kwenye kitambaa, na kukata juu ya mstari huo. Zile inchi za ziada ndizo zilizoniokoa. Ningekuwa nimepanga kutumia kipande chote hadi mwisho, ningekosa mstari mzima wa miraba. Ule ukingo mgumu wenye maandishi utoe kabisa, usiuingize kwenye kazi hata kama kitambaa kimepungua, kwani umefumwa kwa kukaza na ukifuliwa hautajikunyata sawa na sehemu nyingine.

Lakini kabla hujautupa, uangalie. Vitambaa vingi vya chapa vina vidoti vya rangi pale ukingoni, kila rangi iliyotumika kwenye nakshi na kidoti chake. Vile vidoti ni mwongozo mzuri kwa asiyejiamini na rangi: ukitaka kitambaa cha kuongeza, peleka ule ukingo dukani ulinganishe na kidoti kimojawapo, hasa kile cha rangi iliyotumika kwa uchache. Rangi iliyojificha kwenye mshipa wa jani ikija kivyake kwenye mraba wa rangi moja, kwilti inashikana bila kuonekana imelazimishwa.

Suala la kufua kwanza au kutofua, kila mtu na imani yake. Pamba ikifuliwa hurudi, mara nyingi asilimia 3 hadi 5, na wako wanaopenda irudi baada ya kushonwa ili kwilti ipate yale makunyanzi ya kizee. Mimi nipo upande huo. Vipande vidogo kama hivi ukivitumbukiza kwenye mashine vinatoka vimefumuka nyuzi na kufungana mafundo. Ila kuchuja rangi si suala la imani. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa, sugua juu ya kila rangi iliyokolea, tazama. Katika furushi hili nyekundu ya damu ya mzee ilichuja, na zambarau moja iliacha alama hafifu. Hizo mbili peke yake nilizilowesha kwenye beseni, nikabadilisha maji mpaka yakabaki meupe, nikazikausha kivulini, nikazipiga pasi na wanga ili zirudie ugumu wa wenzake. Kiwanda kinachouza nyekundu ikiwa imefungwa pamoja na rangi ya malai kingepaswa kuandika onyo kwenye utepe.

Tuje kwenye rangi, maana hapa ndipo pesa yangu na furushi hili tulipokosana.

Ukilifungua unaona waridi, kijani cha majani makavu, samawati, kahawia nyepesi, zambarau iliyopoa, ile damu ya mzee. Unaona utajiri. Nilivitandaza vyote sakafuni, nikavipiga picha kwa simu, kisha nikaondoa rangi kwenye picha ibaki nyeusi na nyeupe. Utajiri ukaisha palepale. Vipande 16 kati ya 20 vilikuwa kijivu kimoja. Kijani, samawati, waridi, kahawia, vyote ndugu wa tumbo moja. Damu ya mzee na zambarau ndizo pekee zilizokuwa na giza, na viwili vya rangi ya malai ndivyo vyenye mwanga.

Jicho linapenda rangi, lakini umbo linalitambua kwa tofauti ya mwanga na giza. Ukikaa hatua kadhaa mbali na kwilti, waridi na kijani vyenye kukolea sawa vinaungana kuwa ukungu. Weka kilichokoza kando ya kilichopauka, na hata kama vyote viwili ni buluu, mstari kati yao unaonekana kutoka ukumbini. Kuna muundo wa zamani uitwao Log Cabin ambao umejengwa juu ya jambo hili peke yake: vipande vyembamba vinazunguka mraba mdogo wa kati, pande mbili vyenye mwanga, pande mbili vyenye giza, na ukipanga vitalu, yaani miraba iliyokamilika hivyo, kwa namna mbalimbali unapata mistari, almasi, mizunguko. Jaribu kuushona kwa furushi hili uone. Utapata ukungu wenye mishono.

Kwa hiyo nilitoa vipande 9 na kuongeza 4 vya kutoka nje. Buluu ya usiku isiyo na maua. Kahawia ya kiza yenye drafti ndogo. Rangi ya malai yenye nukta ndogo sana, ambayo kwa mbali inasomeka kama rangi moja. Na cha nne, njano ya haradali, kali.

Wifi yangu alikuja wakati nimevipanga sakafuni, akasimama mlangoni na mkono kiunoni.

"Wifi, hii njano nayo?"

"Ina nini?"

"Haina ndugu hapa."

"Ndiyo kazi yake, wifi."

Hakuridhika, na sikumlaumu. Kitambaa kisicho na ndugu kinatisha kikiwa bado kipande kizima cha nusu mita. Nilichomwonyesha ni hiki: nilifunika ile miraba ya njano kwa karatasi, jicho likatembea juu ya kwilti bila kutua popote. Nikafunua, jicho likapata pa kuanzia. Ila ni kwa uchache. Njano inajitangaza, miraba 12 iliyotawanywa kati ya 180 ilinitosha, na nilihakikisha hakuna miwili inayogusana. Buluu ya usiku nayo unaweza kuitumia kwa ukarimu zaidi, haichoshi.

Wanaoamini kwamba lazima kila kitu kilingane wangewatazama wanawake wa Gee's Bend, kule Alabama, Marekani, walioshona kwilti kwa nguo za kazi zilizochakaa, kaki na jinzi zenye magoti yaliyofifia, bila msanifu wa mkusanyo wala utepe. Mwaka 2002 kazi zao zilionyeshwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa la Houston, kisha zikaenda jumba la makumbusho la Whitney, New York. Ukizitazama unaona rangi zinazogongana na giza lililowekwa mahali pake. Sisemi mtu wa kwanza kushona aanzie pale. Nasema kulingana si sharti.

Kuna jambo jingine ambalo picha ya kijivu haikuonyeshi, nalo ni ukubwa wa nakshi. Furushi lina vitambaa vinne vyenye maua makubwa, na ndivyo vilivyowekwa juu ili vivutie. Ua moja lina upana wa inchi 7 hivi. Mraba wangu ni inchi 5. Piga hesabu. Nilipokata, mraba mmoja ulipata petali nusu na hewa nyingi, wa pili ulipata bua, wa tatu kijani kitupu, na vyote vimetoka kwenye kitambaa kimoja. Vilivyopata bua tu vilionekana vimetoka furushi jingine kabisa. Hivyo vya maua makubwa, kama unavipenda, viache kwa mgongo wa kwilti au kwa muundo wenye vitalu vya inchi 10. Nilibakisha kimoja tu, kile ambacho ardhi yake na maua yake yanakaribiana rangi, ili kikikatwa vibaya kisipige kelele.

Nakshi ndogo zilifanya kazi bila kulalamika: nukta, majani madogo, vile vinavyoonekana rangi moja mpaka usogee. Kwenye maduka watu huvipita kwa sababu havina la kusema vikiwa peke yake. Ukweli ni kwamba bila hivyo kwilti inachosha macho. Katika 15 nilivyotumia, 6 vilikuwa vya namna hii, na ningeongeza cha saba.

Ndege je? Kuna kitambaa kizuri cha ndege, wote wametazama juu. Kipendeze kitakavyopendeza, kila mraba lazima uangalie uelekee wapi, na usiku ukiwa umechoka utashona ndege mmoja kichwa chini, na huyo ndiye kila mgeni atakayemwona. Mistari iliyonyooka nayo niliitoa. Mshono ukipinda hata uzi mmoja, mistari inakusemea. Kwa kwilti ya pili, sawa.

Chini ya sindano pamba hii imekaa vizuri. Nilitumia sindano namba 80, uzi wa pamba, mshono wa milimita 2.5. Haikuvutana, haikujikunja, na vumbi la pamba chini ya bamba la cherehani halikuwa la kutisha. Mishono ililala upande mmoja kwa pasi moja, na pale pembe nne zinapokutana, ile mikunjo iliyoelekezwa pande tofauti ilishikana bila pini nyingi. Hilo linatokana na uzito wa kitambaa kuwa mmoja kote, na hapo natoa heshima kwa kiwanda. Vile vinne vya kutoka nje nilivichagua kwa mkono: nilishika kona ya kitambaa cha furushi mkono wa kushoto na cha dukani mkono wa kulia, macho nimefumba. Dukani kulikuwa na kingine chenye buluu niliyoipenda kuliko hii niliyonayo, lakini kilikuwa laini na chepesi mno, nikakirudisha.

Kama ningepewa nyota za kugawa: 4 kati ya 5 kwa kitambaa, 3 kwa ukataji, 2 kwa mchanganyiko. Duka likiwa na furushi la vipande 10 la mkusanyo uleule, chukua hilo, kisha kachague vitano mwenyewe, viwili vya giza la kweli, viwili vya mwanga, na kimoja cha kumshangaza wifi yako.

Na ukumbuke furushi halina mgongo wala ukanda wa pindo, jambo ambalo maandishi ya kwenye utepe hayakutaji. Kwa kwilti ya ukubwa niliousema, mgongo uzidi uso kwa inchi 4 kila upande, kwa hiyo unahitaji inchi 62 kwa 75 na nusu. Kitambaa cha upana wa inchi 44 kinabaki kama 42 ukishatoa kingo. Kata mapande mawili ya inchi 62, yaunge ubavu kwa ubavu, mshono upite kwa upana wa kwilti: unatumia mita 3 na robo. Ukiunga kwa urefu unakula karibu mita 4 kwa kazi ileile. Nakshi ya mgongo iwe na vurugu kidogo, ifiche mishono ya kwanza ambayo haitalingana. Ukanda wa pindo ni mikanda 7 ya inchi 2 na nusu, yaani nusu mita. Mimi nilitumia ile buluu ya usiku, na hapo ndipo wifi aliponiomba nimbakizie kipande cha njano.